Nusu mwaka imekatika: lengo lililobaki nyuma tunalifukuzia au tunalipanga upya?

#1 Hesabu za Moro

Wakuu, salaam. Juni 2025 imefunga. Serikali imefunga mwaka wake wa fedha tarehe 30 na kuanza mwingine tarehe 1 Julai, na sisi tulioandika malengo yetu Januari tufungue daftari.

Nina hoja moja na naomba tuijadili kwa namba. Mtu akikuta amebaki nyuma, hesabu anayoikimbilia ni kuchukua kilichobaki na kukigawa kwa miezi sita. Tuseme lengo lilikuwa kuweka milioni 6 kwa mwaka, yaani laki tano kila mwezi. Mpaka Juni umeweka milioni 1.3. Kilichobaki ni milioni 4.7, ukigawa kwa sita unapata kama 783,000. Mtu aliyeshindwa kuweka laki tano anajipangia karibu laki nane! Agosti anakwama, Septemba anaacha kabisa, Oktoba anaigusa na ile 1.3.

Mimi nasema geuza hesabu. Hiyo 1.3 ukiigawa kwa sita unapata takriban 217,000 kwa mwezi. Huo ndio uwezo wako ulivyojionyesha, si ulivyotamani. Anzia hapo, ongeza kidogo, lengo la Desemba liwe milioni 2.8 au 3, na tarehe ya lengo kubwa isogee mbele. Nafanya kazi ya uhasibu, na mapitio ya bajeti ya nusu mwaka tunayafanya hivyo hivyo: unatazama kilichotokea kwanza, matarajio baadaye.

Anayepinga alete hoja.

#2 Deni Sitaki

Napinga. Ukimpa mtu ruhusa ya kushusha lengo Julai, mwakani atalishusha Machi. Milioni 6 aliiandika mtu mzima mwenye akili zake, na mshahara wake alikuwa anaujua. Swali la kwanza liwe: ile 283,000 ambayo haikuwekwa kila mwezi ilikwenda wapi? Akishajua ilikwenda wapi ndiyo tuzungumze kushusha. Mleta mada umeruka hatua.

#3 Mama Kibubu

Nyote wawili mnagawa kwa sita kana kwamba miezi ni mapacha. Nina watoto watatu shuleni. Januari ni ada, sare, madaftari, viatu, na kodi ya nyumba ya miezi sita. Februari ninahema. Machi na Aprili ndiyo ninaweka kitu. Mwaka huu Idi ya kuchinja imeangukia Juni, wiki chache baadaye kodi ya miezi sita tena, na mkubwa wangu anaingia kidato cha tano Julai hii: godoro, tranka, ndoo, nauli.

Kwa hiyo Hesabu za Moro, hiyo 217,000 yako hakuna mwezi hata mmoja iliyowahi kuwapo. Kuna miezi ya sifuri na miezi ya laki nne. Ukinipangia 217,000 kwa Julai nimeshashindwa kabla sijaanza.

#4 Nondo 16

Mama Kibubu umemaliza. Mwenye nyumba wangu hapa Mbezi hataki kusikia habari ya kulipa kila mwezi. Ni miezi sita au uondoke.

#5 Mwl. wa Songea

Uzi mzuri. Kwa upande wetu watumishi wa umma, Julai hii ni tofauti. Mei Mosi, Rais Samia alitangaza nyongeza ya asilimia 35.1 kuanzia Julai 2025. Kwa hiyo malengo yangu siyashushi, nayapandisha kwa asilimia hiyo hiyo 35. Kama nilikuwa naweka laki mbili, sasa naweka 270,000.

#6 Karani Mstaafu

Mwalimu, tulia kidogo. Asilimia 35.1 ni nyongeza ya KIMA CHA CHINI, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Hakusema kila mtumishi anaongezwa 35.1. Ngazi nyingine zina viwango vyake. Subiri uone karatasi ya mshahara ndipo uanze kupanga. Tumewaona wengi waliokopa kwa nyongeza ambayo haijaingia.

#7 Mwl. wa Songea

@Karani Mstaafu ahsante mzee wangu, nimekupata. Basi nasubiri.

#8 Hesabu za Moro

Niongezee hapo kwa Karani, maana wengi wanapanga kwa mshahara ghafi. Chukua huyo wa kima cha chini.

Zamani 370,000: mchango wa PSSSF, mfuko wa hifadhi wa watumishi wa umma, asilimia 5 ni 18,500. Bima ya afya ya NHIF asilimia 3 ni 11,100. Kodi: baada ya kutoa mchango wa hifadhi inabaki 351,500, na inayozidi 270,000 inakatwa asilimia 8, yaani 6,520. Mkononi 333,880.

Sasa 500,000: PSSSF 25,000, bima 15,000, kodi 16,400. Mkononi 443,600.

Tofauti ya mkononi ni 109,720, wakati iliyotangazwa ni 130,000. Na hapo sijagusa ada ya chama cha wafanyakazi.

#9 Nondo 16

Wala deni la Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu. Ile asilimia 15 inakatwa kwenye mshahara wa msingi, kwa hiyo mshahara ukipanda na makato yanapanda. Kwa mfano wako inatoka 55,500 kwenda 75,000. Ile 109,720 inabaki 90,220. Nalipa deni hilo, naifahamu hiyo hesabu vizuri.

#10 Mtoto wa Kibaigwa

Nimewasoma wote. Mnazungumza kama nchi nzima inalipwa tarehe 25.

Mimi ni mkulima, mahindi na alizeti, Kongwa. Januari kwangu ndiyo chini kabisa: fedha yote iko shambani, na gunia lililobaki ni la kula. Mavuno yanaanza Mei, na sasa hivi Julai ndiyo mahindi yanamiminika sokoni Kibaigwa. Kwa kuwa yanamiminika, bei iko chini. Nikifanya hiyo "tathmini ya nusu mwaka" leo nitajiona tajiri kwa magunia na maskini kwa fedha. Swali langu la Julai ni niuze mangapi sasa na niweke mangapi mpaka Novemba hadi Februari, bei inapopanda.

Nikiuza yote leo ili kufikia lengo la Desemba, nimejiibia. Nikiweka yote, nalipa kibarua na nini? Mwaka huu nimeuza theluthi kwa ajili ya madeni ya pembejeo na ada, mengine nimeyafunga kwenye mifuko ya kinga njaa. Ile isiyopitisha hewa, dumuzi hapati nafasi.

Kwa hiyo kwa mkulima nusu mwaka haiko Juni. Iko pale kati ya kuvuna na kupanda.

#11 Deni Sitaki

@Mtoto wa Kibaigwa nakuheshimu, ila wewe unathibitisha hoja yangu. Hukushusha lengo. Umebadilisha muda wa kuuza. Nidhamu iko pale pale.

#12 Mtoto wa Kibaigwa

Bei ya Februari siiamui mimi. Mahindi yakiruhusiwa kutoka nje bei ni hii, mpaka ukifungwa bei ni ile. Hapo nidhamu inasaidia nini? Nimeweka magunia, sijaweka ahadi.

#13 Nakuru Yetu

Hamjambo wenzetu. Huku Kenya kuna jambo ambalo halijatajwa. Wengine tulipanga vizuri Januari, na tuliyoyapanga yakabadilishwa na watu wengine. Februari 2025 viwango vya NSSF, mfuko wa hifadhi wa huku, vilipanda tena. Mtu wa mshahara wa shilingi 72,000 kwenda juu alikuwa anakatwa 2,160, kuanzia hapo akawa anakatwa 4,320. Jumlisha bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 iliyoanza Oktoba 2024, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Kabla hujanunua hata unga, lengo lako limepungua.

Upande wa pili ni faida. Katikati ya 2024 hati za hazina za siku 91, yaani mikopo mifupi unayoikopesha serikali, zilikuwa zinakaribia asilimia 16, na mifuko ya soko la fedha ikafuata huko juu. Watu wakakaa Januari wakapanga kwa faida ya aina hiyo. Kufika katikati ya 2025 hati hizo zikawa karibu na asilimia 8, mifuko ikashuka nyuma yake, na ile faida bado inakatwa kodi ya zuio asilimia 15. Aliyepanga kufika laki tano kwa nguvu ya riba hafiki, na hakufanya kosa lolote.

Mimi upande wangu mkubwa uko Sacco. Akiba yangu pale siitoi mpaka nijiondoe uanachama, na hiyo ndiyo sababu ipo mpaka leo.

#14 Mama Kibubu

@Nakuru Yetu laki tano ya kwenu au ya kwetu? Maana ya kwetu inaisha Kariakoo saa nne asubuhi.

#15 Nakuru Yetu

Ya kwetu, mama. Ya kwenu ningefika Machi.

#16 Mswahili wa Muscat

Salaam kutoka Oman. Mwenzetu wa Nakuru kagusa jambo langu. Mimi nalipwa kwa riali, na riali imefungwa na dola miaka mingi, riali moja ni kama dola 2.6. Lengo langu niliandika kwa shilingi za Tanzania: kumaliza msingi na kusimamisha ukuta.

Mwisho wa 2024 shilingi yetu ilipata nguvu, dola ikashuka hadi karibu na 2,400. Kufika Aprili ilikuwa inakaribia 2,700. Riali 100 zile zile ni kama 624,000 kwa bei ile na 702,000 kwa hii. Karibu elfu themanini juu chini bila mimi kufanya kazi zaidi wala pungufu. Sasa Hesabu za Moro, uwezo wangu "ulivyojionyesha" ni upi kati ya hizo mbili?

Nilichofanya mwezi huu nimeyaandika malengo upya kwa riali ninazotenga, kisha kwa vitu: mifuko mingapi ya saruji, tofali ngapi. Shilingi naiona siku ya kutuma tu.

#17 Fundi Lenta

Huyu wa Muscat ndiye mwenye akili humu. Lengo la kujenga ukiliandika kwa fedha utajidanganya. Andika tofali. Kila mwezi nunua tofali, weka kiwanjani. Hata mwizi atachoka kuzibeba. Fedha ya benki inaliwa na shemeji, tofali haliliwi na mtu.

#18 Karani Mstaafu

Tofali haliliwi, lakini mtoto akilazwa usiku hulipeleki dirishani kulipia. Nimeona viwanja vina tofali zimeota majani mpaka mwenyewe kafariki. Ndugu yangu mmoja alikuwa na "akiba" ya tofali elfu tatu, na ada ya mtoto akaenda kukopa. Akiba ya dharura kwanza, tofali baadaye.

#19 Fundi Lenta

Mzee, hizo tofali elfu tatu alizikuta bei gani na leo ni bei gani? Hapo ndipo uzungumze.

#20 Karani Mstaafu

Alizikuta kwa bei nzuri. Akazikopea kwa bei mbaya.

#21 Binti Makunduchi

Assalaam alaykum. Naona mnagombana mwaka unaanza lini. Sisi nyumbani hesabu ya mali tunaifanya Ramadhani, kwa sababu ya zaka. Unahesabu fedha iliyopo, bidhaa za duka, unachowadai watu, unaangalia kama imefika nisabu, kile kiwango cha chini cha kutolewa zaka, na kama imepitiwa na mwaka mzima, unatoa asilimia 2.5. Huwezi kutoa bila kuhesabu, kwa hiyo tathmini inafanyika kila mwaka utake usitake. Na mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja, hivyo hesabu haikai msimu mmoja. Mwaka huu imeangukia Machi, miaka ijayo itaingia Januari kwenye ada zenu. Unaiona fedha yako katika kila hali.

Mama yangu ana duka la vitenge. Simkumbuki akiandika lengo hata siku moja, lakini ukimuuliza ana nini na anadaiwa nini anakujibu papo hapo. Naona hilo ni bora kuliko daftari la Januari lisilofunguliwa mpaka Juni.

Na kwa taarifa yenu mwaka 1447 wa Hijria umeanza juzi tu, mwisho wa Juni.

#22 Nondo 16

Na kwenu Makunduchi Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya, ni Julai. Ina maana nyie leo ndiyo mnaandika malengo mapya, sisi tunalia na ya zamani!

#23 Binti Makunduchi

Njooni muogeshwe mwaka, madeni yabaki huko huko Dar.

#24 Dada wa Hisa

Nimefika nimechelewa lakini kuna kitu kikubwa mmekiruka: VICOBA. Mimi ni mtunza hazina wa kikundi cha wanawake, Tabata. Tunanunua hisa kila wiki, tunakopeshana mpaka mara tatu ya hisa zako, Desemba tunavunja, kila mtu anachukua hisa zake na faida.

Kwa mwanakikundi, Julai ni mwezi wa kufanya uamuzi. Mikopo ya biashara kwetu ni miezi mitatu mpaka sita, na hatutoi mkopo mpya karibu na kuvunja. Kwa hiyo anayetaka kukopa akarudisha salama kabla ya kuvunja, dirisha lake ni sasa. Akisubiri Oktoba tunamwambia hapana. Nimemwona mwanakikundi akilia Oktoba kwa ajili hiyo.

Na kwa hoja ya kushusha lengo: kwenye kikundi haiwezekani kirahisi. Ukianza mwaka unanunua hisa tano, ukashuka hadi moja, wenzako wanaona. Aibu ile ndogo inafanya kazi kuliko daftari lolote.

#25 Deni Sitaki

@Dada wa Hisa hapo ndipo ninaposimama na mimi. Asante.

#26 Mama Kibubu

Aibu hiyo hiyo ndiyo inawapeleka watu kwenye kausha damu. Jirani yangu alikuwa hataki kuonekana ameshuka hisa, akakopa kwa watu wa mtaani ili akanunue hisa. Anarudisha kila siku, wanakuja mlangoni, wakachukua friji na televisheni. Hisa zake kikundini zipo, nyumba ni tupu. Msisifu aibu hivyo.

#27 Dada wa Hisa

Mama Kibubu umesema kweli, na sisi tumeliona hilo. Siku hizi tunaruhusu mtu kushuka hisa ila aseme kwenye kikao. Wanaosema mapema hatuna shida nao. Wanaonyamaza ndio wanaokopa nje.

#28 Nondo 16

Na zile programu za mikopo ya kwenye simu msizisahau. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Ukiwa na deni la huko usiongelee lengo la akiba kabisa. Lipa hilo kwanza, riba yake hakuna akiba itakayoifikia. Akiba inayokupa asilimia kumi kwa mwaka haiwezi kushindana na deni linalokula zaidi ya hapo kwa mwezi.

#29 Kijana wa Sinza

Naomba kuuliza, mimi nina milioni moja na nusu tu. Nimesikia hatifungani za serikali za miaka 25, yaani unaikopesha serikali kwa riba, zinatoa asilimia 15.95. Nikiingia leo si nitafidia niliyokosa tangu Januari?

#30 Hesabu za Moro

@Kijana wa Sinza hiyo 15.95 ni ya hatifungani ya miaka 25 ilipoanza kutolewa 2021. Zilizotolewa kuanzia Aprili 2022 zilishushwa hadi 12.56, na tangu hapo viwango vimebadilika tena. Kila toleo lina riba yake, unasoma tangazo la mnada husika kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kiwango cha chini kuingia ni shilingi milioni moja, unapitia benki au dalali. Riba inalipwa kila baada ya miezi sita.

Lakini haifidii. Hata kwa hiyo 15.95, milioni moja inakupa kama 79,750 kwa miezi sita. Kilichokosekana tangu Januari kwa mfano wangu ni milioni 1.7. Na fedha hiyo umeifunga miaka 25, ukiihitaji mapema inabidi uuze Soko la Hisa kwa bei utakayoikuta.

#31 Karani Mstaafu

Kwa milioni moja na nusu, kijana, kama huna akiba ya dharura nenda mfuko wa ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya mifuko ya uwekezaji, au unaofanana nao. Unaitoa ndani ya siku chache za kazi. Hatifungani ni za fedha ambayo huna haja nayo. Mimi kiinua mgongo nimekiweka kwenye hatifungani kwa sababu napokea mara mbili kwa mwaka na pensheni inanilisha. Hali yako si yangu.

#32 Kijana wa Sinza

Nashukuru wakuu.

#33 Mtaa wa Kongo

Mimi ni mfanyabiashara Kariakoo, nawashangaa mnabishana kama lengo linarekebishwa au halirekebishwi. TRA wenyewe wanaruhusu kurekebisha! Mwanzo wa mwaka unapeleka makadirio ya kodi, unalipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Biashara ikienda tofauti na ulivyokadiria unapeleka makadirio mapya, awamu zilizobaki zinahesabiwa upya. Ukikaa kimya na makadirio makubwa unalipa kodi ya faida usiyoipata. Ukikaa kimya na madogo wakati biashara imepanda, mwisho wa mwaka kuna riba. Kwa hiyo anayesema kurekebisha ni udhaifu, afungue duka tuone.

Mtaji wangu unazunguka. Leo mchana nina milioni nane mkononi, kesho asubuhi ziko Guangzhou. Mtu akiniuliza Juni nimeweka akiba kiasi gani namwambia njoo tuhesabu mzigo.

#34 Deni Sitaki

@Mtaa wa Kongo makadirio ya TRA unayabadilisha kwa sababu mauzo yamebadilika, na una vitabu vya kuthibitisha. Nani humu ana vitabu vya matumizi yake ya nyumbani? Nimeuliza tangu #2 ile 283,000 ilikwenda wapi. Hakuna aliyejibu. Mmenipa misimu, dola, riba, mwenye nyumba. Yote kweli. Lakini mtu mwenye mshahara wa kila mwezi, asiye na shamba wala riali, fedha yake ilikwenda wapi?

#35 Nondo 16

Nakujibu mimi. Niliipitia taarifa yangu ya miamala ya simu kuanzia Januari mpaka Juni, mstari kwa mstari. Nilitegemea kukuta starehe. Nikakuta watu. Mchango wa harusi, rambirambi, mdogo wangu kodi, binamu nauli ya usaili, mama dawa ya presha, mchango wa harusi nyingine, kikundi cha waliosoma pamoja. Makato ya kutuma yenyewe yalifika fedha ya kuonekana. Bia na chipsi havikufika hata robo ya hiyo.

Sasa hapo nikate nini? Dawa ya mama?

#36 Fundi Lenta

Kata harusi.

#37 Mama Kibubu

Ukikata harusi usije ukaoa. Nani atakuchangia?

#38 Mswahili wa Muscat

Sisi wa nje ndiyo tunaumia zaidi hapo. Huko nyumbani wanajua ukiwa Oman unaokota riali barabarani. Mimi nimeweka fungu la familia kabla ya fungu la nyumba, kila mwezi kiasi kile kile, likiisha limeisha. Mama analijua. Wengine hawaambiwi.

#39 Dada wa Hisa

Kwetu kikundini tuna mfuko wa jamii, tofauti na hisa. Kila wiki kiasi kidogo. Mtu akifiwa au akiuguliwa anasaidiwa kutoka humo, haguswi mfukoni kwake kila mara. Nadhani hata mtu mmoja anaweza kufanya hivyo nyumbani kwake.

#40 Hesabu za Moro

Nimewasikia. Narekebisha hoja yangu kidogo, sijaiacha. Mama Kibubu na Mtoto wa Kibaigwa wamenionyesha kwamba wastani wa miezi sita ya kwanza haufai kuhamishwa mzima mzima kwenye ya pili. Kwa hiyo uwezo ujipime kwa mwezi unaofanana nao: Julai ilinganishe na Januari, kwa sababu zote zina kodi ya nyumba. Agosti hadi Oktoba zilinganishe na Machi na Aprili. Desemba peke yake, ina mambo yake. Kisha jumlisha. Ukifanya hivyo kwa mfano wa Mama Kibubu unaweza kukuta nusu ya pili ina nafasi zaidi, kwa sababu Januari moja imeshapita.

Lakini bado nasema: usigawe upungufu kwa miezi iliyobaki.

#41 Deni Sitaki

Afadhali. Ila Desemba ikija nakukumbusha kwamba inafuatwa na Januari. Nusu yako ya pili "yenye nafasi" inatakiwa ibebe ada ya mwakani. Umeipanga?

#42 Mama Kibubu

Hapo Deni Sitaki leo nakubaliana naye kwa mara ya kwanza. Ada ya Januari naanza kuiweka Agosti. Isipoanza Agosti haipo.

#43 Nakuru Yetu

Kwetu muhula wa tatu unafunguliwa Agosti, kwa hiyo Agosti yako wewe mama ni ya kuweka, yangu mimi ni ya kutoa. Huu mpango wa Hesabu za Moro kila mtu aandike wake.

#44 Mwl. wa Songea

Narudi. Nimezungumza na mwenzangu wa utumishi, kweli ngazi yangu nyongeza ni tofauti na ile 35.1, naisubiri kwenye mshahara wa mwezi huu. Nitaliacha lengo la zamani kama lilivyo mpaka niione mara mbili mfululizo. Swali langu: nyongeza hiyo niiweke yote akiba, au nimalizie deni la SACCOS kwanza? Limebaki kama miezi minane. Riba yake ndogo kuliko benki.

#45 Nondo 16

Maliza deni.

#46 Karani Mstaafu

Usimalize kwa haraka. Deni la SACCOS ni jepesi na limeshazoeleka kwenye mshahara. Kama huna akiba ya dharura jenga hiyo kwanza, hata ya miezi miwili. Ukimaliza deni ukabaki mikono mitupu, dharura ya kwanza itakurudisha kukopa.

#47 Nondo 16

Mzee, miezi minane ya riba unampa nani?

#48 Dada wa Hisa

Mwalimu, waulize SACCOS yako kwanza kama ukilipa kabla ya muda riba iliyobaki inafutwa au la. Nyingine zinahesabu riba kwa salio linalopungua, nyingine ulishaandikiwa yote siku ya kwanza. Kama ulishaandikiwa yote, kuwahi kulipa hakukupunguzii kitu. Lete jibu hapa ndipo tukushauri.

#49 Mwl. wa Songea

Sawa dada. Ofisi wanafungua Jumatatu, nitauliza.